Kimya Mbele ya Hoteli

Siku ya kuniaga mlinipa shati la maua, lile mnalovaa mkiwaimbia wageni wa hoteli. Nimelikunja nikaliweka juu ya kabati, na mke wangu ameambiwa asiliguse hata kwa kupangusia vumbi. Wiki iliyofuata katibu wa ushirika wenu akaja nyumbani kuniomba niandike kumbukumbu za kazini kwa ajili ya vijana wanaovua hapa mwaloni, akaongeza kwamba ingependeza zikiwa za kufurahisha. Haya, nimekaa kuandika. Ya kufurahisha yapo mawili matatu, nitayataja nikikutana nayo njiani. Lakini nimestaafu nikiwa na hasira, na sitaivua mlangoni kama viatu eti kwa sababu katibu amekunywa chai yangu.

Nilifika mwaloni nikiwa kijana wa Kamembe asiyejua maji. Baba alikuwa fundi cherehani, na katika ukoo wetu hakuna aliyekuwa ameingia ziwani kupita magoti. Wakati huo sambaza walikuwa bado samaki wapya katika Kivu. Watu wazima waliwacheka, wakasema samaki mdogo hivyo ni wa kupewa kuku. Leo wajukuu wa watu hao hao wanasukumana sokoni kugombania sambaza wa kukaanga, na hakuna hata mmoja anayewakumbuka kuku.

Aliyenipokea alikuwa Rajabu, ambaye baadaye sote tulimwita Mzee Rajabu. Alikuwa mwitaji wa ekipe yetu. Naeleza, maana siku hizi kuna watu wenye kadi ya ushirika ambao hawajawahi kushika kasia. Ekipe ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi, na miti hiyo inachomoza mbele na nyuma kama masharubu. Wavu unaning'inia katikati, taa zinawashwa juu yake, sambaza wanaifuata taa, na wanaume wanavuta. Kila ekipe ina kapita wa kuamua na mwitaji wa kuanzisha wimbo. Nilidhani Rajabu ataniuliza kama najua kuogelea.

"Unajua kuimba?" aliniuliza.

Nikamwambia najua kaswida za madrasa.

"Kaswida ni ya Mungu. Ye anakuona hata ukinyamaza. Huku ku maji hakuna muntu anakuona. Utaimba juu bantu bajue uko wapi."

Siku hiyo ya kwanza nilitapika mara nisizozihesabu, viganja vikachubuka, na wimbo nikauimba kwa mbwembwe nikidhani nitasifiwa. Rajabu alinigonga kichwani kwa mpini wa kasia, si kwa nguvu sana, lakini ulikuwa umelowa na ulikuwa mti mgumu. "Nani alikualika ku ndoa?" akaniuliza. Wenzangu walicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Hilo ni la kwanza kati ya yale ya kufurahisha.

Wimbo wetu ulikuwa mfupi. Mwitaji anauliza, "Nani yuko ku maji?" na wote wanajibu, "Tuko hapa, tunarudi!" Kila ekipe ilikuwa na swali hilo hilo na jibu hilo hilo, lakini kila moja ilikuwa na sauti yake. Ya kwetu ilishuka mwishoni, ya jirani zetu ilipanda, na nyingine ilikuwa na mluzi katikati. Ukiwa ndani ya ukungu ukasikia jibu, ulijua ni nani, yuko upande gani, na kama anakuja kwako au anakwenda zake. Hatukuwa na redio wala honi. Wimbo ulikuwa chombo cha kazi kama wavu na taa, nao ulifundishwa kwa ukali ule ule.

Rajabu alinifundisha pia kusikiliza kinachorudi. Katika ukungu alikuwa akiimba neno moja tu, kisha anainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. "Mawe inarudisha, matete inameza," aliniambia. Sauti ikikurudia haraka, umekaribia mwamba, vuta makasia. Ikipotea bila kurudi, mbele yako kuna matete na maji ya kina kifupi. Ikirudi imechelewa na imefifia, uko mbali na nchi kavu na unaweza kupumua. Nilijifunza hayo kwa itumba mbili, yaani misimu miwili ya mvua kubwa, na hata sasa nikiingia kwenye chumba kigeni hukohoa kwanza. Mke wangu anadhani ni kifua.

Taa zetu zilikuwa karabai. Nitawahurumia ninyi wa taa za betri, kwa sababu hamtajua kamwe raha ya kumtukana karabai. Utambi wake wa kitambaa ulikuwa mwepesi kama utando wa yai, ukiugusa tu unakuwa majivu. Mvua ikidondoka juu ya kioo chake, kinapasuka. Diyodone, rafiki yangu na jirani yangu wa benchi mtumbwini, alikuwa na ufundi wa kuzituliza. Alitoka familia ya Bukavu, Mkristo, ameoa upande wetu, Gashonga, na aliongea na karabai kama mtu anavyombembeleza mbuzi anayekataa kamba. Tulipiga makasia ubavu kwa ubavu miaka mingi. Nilipokuwa kapita yeye akawa msaidizi wangu. Jinsi nilivyoupata ukapita sitaeleza. Aliyekuwepo aliumwa mgongo, basi.

Sasa nieleze itumba, maana hapo ndipo kila kitu kilipotokea, na ninyi mnapaswa kuijua hata kama hamtaki kunisikiliza.

Mvua za kwanza baada ya kiangazi kifupi, mwezi wa tatu unapoingia au kabla yake kidogo, hubadilisha ziwa pembeni kabla hazijaligusa katikati. Vijito vinashuka na udongo wa mashamba, na mbele ya kila kijito maji yanakuwa ya kahawia. Usiweke wavu ndani ya kahawia, utavuna nyasi na mizizi ya mihogo. Weka taa pale maji mawili yanapokutana, upande ulio safi, kwa sababu sambaza wanakuja kula kwenye mpaka ule na hawapendi kuingia ndani. Wakati huo huo tilapia wanasogea kwenye matete, dume anachimba kishimo chake kama sahani, na mwenye akili hapitishi wavu hapo. Mkimwona mdiria anapigapiga mabawa mahali pamoja karibu na mawe, sambaza wako karibu kuliko mnavyodhani. Upepo wa mchana ukikatika ghafla na maji yakawa kama mafuta, na milima ya Kongo ikawa myeusi, rudini nyumbani bila mjadala.

Kwa hiyo katika majuma yale samaki wako pembeni, na sisi tulivua pembeni, chini kabisa ya nyumba za watu. Na ndiyo majuma ya ukungu. Mvua ikinyesha jioni, asubuhi hewa baridi ya vilima inateremka juu ya maji yenye joto, na hapo huoni ncha ya kasia lako mwenyewe.

Liko jambo moja zaidi. Huku kwetu ziwa linaishia. Linabanana kati ya Kamembe na Bukavu, kisha linatoka kwa mto Rusizi, chini ya daraja la mpaka. Katika itumba mvuto wa mto unaanza mbali zaidi ya vile macho yanavyosema. Mgeni anadhani hatari itamjia kwa kelele. La, inakuja kwa wema. Kasia linakuwa jepesi, unajiona una nguvu, kumbe maji yanakubeba. Kasia likiwa jepesi bila sababu, ogopeni. Kama mtasahau kila kitu katika maandishi haya, msisahau hilo.

Mwaka wa mauaji ya Rwanda siuandiki hapa. Si kwamba nimeusahau. Tuliporudi majini ekipe yetu ilikuwa na watu wapya wengi, na Rajabu aliwafundisha wimbo bila kumwuliza yeyote ametoka wapi.

Halafu macho yake yakaanza kufifia, mtoto wa jicho kwanza upande mmoja, kisha wote wawili. Aliacha uitaji kwa hiari yake, lakini ziwa hakuliacha. Alikuwa na mtumbwi mdogo wa mtu mmoja, na katika itumba alikwenda nao alfajiri kwenye matete yaliyo nyuma ya rasi, akitega ndoana kwa ajili ya tilapia wanaopita nje ya mazalio. Wanawe walimkataza, akawaambia anaona vizuri. Hakuwa anaona vizuri. Alikuwa anasikia vizuri, na hiyo ilimtosha. Kwenda alifuata ukingo. Kurudi, alisubiri ekipe zinaporejea. Akisikia wimbo anauliza mwenyewe kwa sauti yake ya zamani, "Nani yuko ku maji?" na ekipe inayopita inamjibu. Basi anaelekeza mtumbwi wake nyuma ya jibu hadi mwaloni. Wote tulilijua hilo. Hakuna aliyeliona kuwa ni msaada, ilikuwa adabu tu, kama kumwitikia mtu salamu.

Ndipo ikajengwa hoteli kwenye rasi ile, njiani kabisa kwa anayerudi. Sitaitaja jina, imeshabadilisha jina na wenyewe pia. Meneja wa wakati ule alikuwa mtu msafi mno, anatembea mwaloni akiwa ameinua ncha za suruali. Alimwambia mwenyekiti wetu, yule tuliyemwita prezida, kwamba wageni wanaamshwa na makelele ya wavuvi. Makelele, ndivyo alivyouita wimbo. Akasema kama hatuwezi kupita kimya mbele ya hoteli yake, ataomba wakubwa wauhamishe mwalo, kwa kuwa hata harufu yetu haimpendezi.

Prezida alituita chini ya banda la kukaushia nyavu. Nakumbuka jinsi alivyokuwa akipangusa jasho.

"Ni kutoka ku rasi mpaka hapa tu," alisema. "Dakika kidogo. Bantu bapige makasia, bafunge midomo. Bakituondoa hapa, tutaenda wapi?"

Nikasimama. "Na ukungu je? Tutajuaje nani yuko mbele?"

"Sudi, muna macho."

"Macho ku ukungu? Prezida, we ulisha kupiga kasia ku itumba?"

"Usinikosee heshima mbele ya bantu."

Nikamgeukia Diyodone, nikingoja aseme. Alikuwa mtu wa maneno, angeweza kuyageuza mawazo ya watu wote pale bandani. Akaangalia vidole vyake vya miguu. "Dakika kidogo haina mambo," akasema. "Tukikosa mwalo, batoto batakula nini?"

Mzee Rajabu alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, uso ameuelekeza mahali ambapo hapakuwa na mtu. Aliuliza jambo moja. "Na muntu akiuliza ku maji, bamujibu ao bamunyamazie?" Watu wakacheka kidogo, kwa namna ile ya kutaka mkutano uishe. Hata hapo bandani, kwenye nchi kavu, mchana kweupe, hakujibiwa.

Tulianza kupita kimya. Kama hamjawahi kupiga makasia bila wimbo, sitaweza kuwaeleza aibu yake. Makasia yaligongana. Wa kushoto walivuta kabla ya wa kulia, ekipe ikaenda upande upande kama kaa. Tulikuwa wanaume wazima tunanyata kwenye ziwa letu wenyewe kama wezi wa ndizi. Na meneja akawa anasimama kwenye baraza na kikombe chake, anatupungia mkono kutushukuru. Nilikuwa namtukana kimoyomoyo kwa lugha zote ninazozijua, na huku Kamembe tunazijua nyingi.

Asubuhi ile mimi sikuwa majini. Karabai ilikuwa imeniunguza mkono, umevimba, kwa hiyo Diyodone aliongoza ekipe badala yangu. Mvua ilikuwa imenyesha jioni yake kabla ekipe hazijatoka, ya kwanza kubwa ya mwaka huo, na alfajiri ukungu ulishuka ukakaa juu ya maji kama blanketi lililolowa. Nilikuwa mwaloni na Maman Furaha. Huyu alikuwa mchuuzi wa Bukavu aliyekuja kila siku kuchukua sambaza na kuvuka nao mpakani na beseni kichwani. Tulikuwa tunangoja ekipe, yeye akilalamikia mkono wangu kuliko mimi mwenyewe.

Tukamsikia Mzee Rajabu. Ilitoka nyuma ya rasi, ndani ya ukungu, ile sauti ya kushuka mwishoni.

"Nani yuko ku maji?"

Tukangoja jibu. Nilijua ekipe yetu iko pale, nilisikia makasia yakigongana. Halikuja.

"Nani yuko ku maji?"

Maman Furaha, ambaye daima aliniita kwa jina la binti yangu, akanishika bega. "Papa Aisha, juu ya nini habamujibu?"

Nikakimbia hadi mwisho wa gati nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote. "Tuko hapa! Tuko hapa!" Lakini sauti yangu iligonga mwamba ulio chini ya hoteli ikarudi, na huko aliko yeye lazima ilimfikia kutoka pande mbili. Aliyenifundisha kwamba mawe yanarudisha sauti alikuwa yeye. Aliuliza mara nyingine, na safari hii swali lilitoka kulia, upande wa mto. Nikajua kasia lake limeshakuwa jepesi. Nikaita tena na tena.

Kisha ekipe ikamaliza kuipita hoteli, na hapo, kwa utiifu kabisa, pale pale walipoelekezwa, wanaume wote wakafungua midomo wakaimba kwa pamoja, "Tuko hapa, tunarudi!"

Hakuna aliyeuliza tena.

Tuliingia majini na kila kilichoelea. Mtumbwi wake tuliupata umenasa kwenye magogo, karibu na daraja, ndoana zimekunjwa vizuri ndani, na tilapia wawili. Yeye alikuwa amesukumwa ng'ambo, upande wa Kongo. Huko tukasimamishwa. Maofisa wa upande huu walisema hawawezi kupokea maiti bila karatasi za upande ule, na wa upande ule wakataka karatasi za upande huu. Jua likapanda. Mtu aliyevua ziwa hili tangu kabla hao maofisa hawajazaliwa alilazwa juu ya majani ya migomba, umbali wa kurusha jiwe kutoka kwao, anangoja muhuri. Nilitaka kumpiga mmoja wao. Ningempiga kama mkono usingekuwa umevimba, na sijui kama ni bahati yangu au yake.

Maman Furaha hakumpiga mtu. Alikwenda kwa mashekhe wa Kamembe, akachukua sanda, akaiweka ndani ya beseni lake, akaifunika kwa kitambaa chake cha kufunikia samaki, akavuka daraja kama anavyovuka kila siku. Walimwuliza amebeba nini. "Ya kila siku," akasema. Nyuma yake wakavuka wanaume watatu wa msikitini waliokuwa na vibali vya soko. Mzee Rajabu akaoshwa na kuvishwa sanda ng'ambo, huku sisi tukibishana na muhuri. Karatasi zilipopatikana, alikuwa tayari kuja kuzikwa. Tulimzika Kamembe kabla jua halijazama. Maman Furaha alikaa nje ya ukuta wa makaburi na rozari yake mkononi, na beseni tupu likiwa miguuni.

Diyodone alikuja kunitafuta baada ya mazishi. Nguo zake za kazi zilikuwa bado na maji.

"Tulimusikia," alisema. "Sudi, tulimusikia yote. Nilisema tupite kwanza ku hoteli, kisha nitamujibu. Nilizani ni dakika."

"Ulimsikia mara ngapi?"

"Usiniulize vile."

"Nakuuliza hivyo hivyo."

Akainama kukamua suruali yake. Nami sikumsaidia kusema. Kwa miaka mingi baada ya hapo tulipiga makasia tena ubavu kwa ubavu, kwa sababu kazi ni kazi, lakini sikuwahi kumpa tena kisu changu wala kula kwenye sahani moja naye. Watu walidhani ni mambo ya dini. Waache wadhani.

Siku chache baadaye nilipanda mwenyewe hotelini. Nilitaka kumwona meneja, nimwambie usoni. Meneja alikuwa amesafiri. Mlinzi wa getini, mtu wa Nzahaha mwenye koti refu, alinipa pole akaniuliza kama marehemu alikuwa ndugu. Nikamwuliza asubuhi ile wageni walisema nini waliposikia mtu akiita.

"Wageni gani, Mzee? Mwezi wa tatu? Hakukuwa muntu. Itumba ikianza vyumba binabakiaka bitupu. Meneja mwenyewe alikuwa Kigali."

Vyumba vilikuwa vitupu. Vijana wangu, someni sentensi hiyo tena. Wanaume wetu walifunga midomo yao mbele ya vitanda ambavyo havikuwa na mtu.

Hakuna aliyetangaza kwamba katazo limeondolewa. Kesho yake tu nilirudi kwenye nafasi yangu ya kapita, mkono kwenye bendeji, na tulipofika kwenye rasi nikaanzisha mwenyewe, kwa sauti mbaya, maana mimi si mwitaji. Ekipe zote zikafuata. Prezida hakusema neno, meneja aliporudi naye hakusema neno, na mwalo haukuhamishwa. Kumbe ilikuwa inawezekana tangu mwanzo. Hakuna aliyewahi kuomba radhi kwa watoto wa Rajabu. Prezida alileta kilo ya sukari.

Sasa yaliyobaki mnayajua, kwa sababu ni yenu. Hoteli ikapata wenyewe wengine, na hao wakagundua kwamba wageni wanapenda wavuvi wanaoimba. Baraza likajengwa upya pale pale, juu ya maji. Mkashonewa mashati. Saa kumi jioni, jua likiwa zuri kwa picha, mnapita mbele ya baraza mara mbili, kwenda na kurudi, mnaimba, mnatabasamu, na mwitaji anainua kasia juu kama mshindi wa mpira. Wimbo ule ule. Sitawalaumu kwa kuimba, kila mtu ana tumbo. Ninachowalaumu ni alfajiri. Nimekaa mwaloni itumba mbili zilizopita nikiwasikiliza mkirudi ndani ya ukungu, na sikusikia kitu ila makasia na injini moja mbovu. Wengine mna visikizio masikioni. Wimbo mnauimba mchana kweupe ambapo kila mtu anawaona, na asubuhi, unapohitajika, mnanyamaza bila hata kukatazwa na mtu. Nikifikiria hilo nashindwa kumaliza uji.

Basi nifike kwenye ile siku ya kuniaga, kwa kuwa najua mnaisimulia vibaya. Mnasema Mzee Sudi alizeeka akasahau maneno.

Mlinipandisha kwenye baraza la hoteli, mkanivisha shati. Ekipe mbili zilikuwa chini, zimepambwa kwa maua. Wageni walikuwa wengi, na simu zao zimeinuliwa. Prezida wa sasa, mtoto wa yule wa zamani, alisema maneno mazuri juu yangu, kisha akasema kwamba kama heshima ya mwisho mimi ndiye nitakayeita wimbo. Nikasimama kwenye ukingo wa baraza. Nilikuwa mahali pale pale meneja alipokuwa akisimama na kikombe chake. Upande wa kushoto niliona mwalo, na kulia niliona ziwa linavyobanana kuelekea darajani.

Nikanyamaza. Sikusahau neno hata moja. Niliamua kuwapa hoteli kitu walichotuomba kwanza, na nikaendelea kuwapa.

"Mzee, anza basi," prezida alininong'oneza. "Bageni banangoja."

"Hapa tulikatazwa," nikamwambia.

Akacheka, akidhani ni utani. Watu wakaanza kugeuka na kutazamana, vijana chini wameshikilia makasia hewani. Ulikuwa muda mrefu. Nilikusudia uwe mrefu hivyo.

Ndipo kiti kikasogea nyuma yangu. Diyodone alikuwa amealikwa kati ya wastaafu, amekaa safu ya mbele na fimbo yake, na tangu nifike sikuwa nimemsalimia zaidi ya kutikisa kichwa. Alisimama, akatupa fimbo chini, akashika chuma cha baraza kwa mikono miwili, akaelekeza uso wake kulia, kule mtoni. Akaimba, kwa ile sauti inayoshuka mwishoni, kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo.

"Tuko hapa, tunarudi!"

Hakuna aliyekuwa ameuliza. Akaimba tena. Na tena. Machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni, naye anaendelea tu kujibu. Vijana majini wakadhani ndiyo ishara, wakaanza kuvuta makasia na kumwitikia kwa furaha. Wageni wakasimama wote na simu zao.

Nilimsogelea mpaka bega langu likagusa lake, kama tulivyokuwa tukikaa kwenye benchi la mtumbwi. Nilikuwa bado na hasira, na ninayo hata sasa ninapoandika.

"Umechelewa," nikamwambia.

"Najua," akasema.

Wageni walipiga makofi.